Tupeane uzoefu: mlipanda mlima mkiwa wawili, mkashuka vipi?

GithuraiArobainiTano

Leo nimerudi kutoka Nakuru kwa matatu iliyopitia barabara ya chini. Tulipofika Longonot mlima ukajaa dirisha lote, na yale makorongo yake yameshuka ubavuni kama mikunjo ya shuka. Nilinyamaza hadi Mai Mahiu. Abiria wa kando alidhani naumwa.

Mimi na rafiki yangu tuliupanda mwaka wa 2018. Tulisoma pamoja tangu kidato cha kwanza, tukaja Nairobi pamoja, tukakaa chumba kimoja Githurai miaka miwili, sufuria moja, jiko moja. Wazo la mlima lilikuwa langu. Tulitoka alfajiri, tukashuka stejini, boda boda moja ikatubeba sote hadi getini. Kutoka geti mpaka ukingoni ni kilomita 3 na ushee, na pale mwishoni ni jivu la volkeno tupu. Unapiga hatua mbele, mguu unarudi nusu. Yeye alikuwa akihema kwa mdomo. Mimi siku hizo nilikuwa nacheza mpira, sikuhisi kitu.

Tulipofika ukingoni ndipo tukakosana. Kuzunguka shimo zima ni kilomita 7.2. Yeye alitaka tukae tupumzike, tuangalie ule msitu ulioota chini kabisa ndani ya shimo, kisha turudi. Mimi nilitaka kilele. Nikamwambia sikutoa nauli nije kutazama miti. Akasema basi, wewe zunguka huku, mimi nitazunguka kule, tukutane kileleni. Nikaona hayo ni maneno ya mtu mzima. Nikashika njia karibu nakimbia, chupa zikigongana mgongoni, sikugeuka nyuma.

Kuna mahali karibu na kilele njia inasimama wima, ukawa unashika mawe kwa mikono, na kila upande ni bonde. Nilikwea nikifurahi kama mtoto. Kileleni ni mita 2,776, na Ziwa Naivasha lilikuwa limelala pale chini lote. Nikamngoja nusu saa. Hakuja. Nikaendelea nikijua tutakutana njiani. Nilimaliza mzunguko, nikarudi pale tulipoachana, hayupo. Nilimkuta getini chini ya mgunga, midomo imepasuka, myeupe kwa vumbi. Hakuniangalia. Hadi Nairobi hakutoa neno. Mwezi uliofuata akahama.

Siku hizi ni salamu za Krismasi tu. Kosa langu sijalijua mpaka leo, na sikuwahi kuuliza. Wenzangu mliopanda na rafiki, hebu tuambizane. Ilikuwaje?

MamaPacha

Longonot tena. Pole kaka. Mimi na dada yangu tulishuka hatusemezani, na sisi ni tumbo moja.

Mkaa_Rongai

Yangu ni Ngong. Ukiwa Rongai unaiona kila asubuhi, unajidanganya kwamba ni vilima vya kutembeza mbuzi. Nilikwenda na jirani yangu wa ploti, tukaanzia upande wa ile mitambo ya upepo tukilenga Kona Baridi. Hakuna aliyetuambia kwamba kila kilima kinakuficha kingine. Unafika juu, unafurahi, unaona unatakiwa kushuka hadi chini kabisa uanze upya. Kwenye kilima cha nne jirani yangu aliketi kwenye nyasi akalia. Si kwa uchovu. Alisema ndivyo maisha yake yalivyokuwa tangu mumewe afariki. Nilikaa naye pale kama saa nzima, upepo unatupiga, hatukuongea. Tukamaliza vyote saba.

KondaMstaafu

Mimi nitasema ukweli mtu asikasirike. Mtu anaamka saa kumi, analipa nauli, analipa geti, ili achoke. Huko kwetu mashambani tulipanda milima tukitafuta kuni na ng'ombe waliopotea. Haya mengine tuliachiwa na wazungu.

Mwalimu_Umoja

KondaMstaafu, mzee wangu, hapo nakupinga. Usiku wa uhuru, Desemba 1963, bendera yetu ilipandishwa Mlima Kenya na Kisoi Munyao, mwana wa nchi hii, akakwea na bendera begani hadi Point Lenana, mita 4,985. Hakuwa anatafuta ng'ombe. Na kabla mzungu hajauona ule mlima, wazee wa Kikuyu walikuwa wanauelekea wakisali. Mlima ni wetu. Kuupenda kusigeuzwe jambo la kigeni.

KondaMstaafu

Munyao alitumwa na nchi. Wewe nani amekutuma?

Mwalimu_Umoja

Nimejituma. Jumamosi yangu ni yangu, mzee.

Kijana_wa_Thika

Tuacheni hayo, turudi kwa mada. Kilimambogo. Jina lenyewe lilitosha kutuonya, mlima wa mbogo. Barabara ya kwenda juu ni kilomita 9, na hauruhusiwi kutembea bila askari mwenye bunduki. Tulipita kaburi la yule Mmarekani McMillan, tukapiga picha, na kona mbili mbele mbogo amesimama katikati ya barabara. Askari akanyoosha mkono tusimame. Rafiki yangu, niliyemsimamia harusi, akanishika mabega akanisukuma mbele yake kama ngao. Mbogo akaenda zake. Mimi bado nayahisi yale mabega.

MamaPacha

😂 Kijana pole. Mabega yatapona.

Kijana_wa_Thika

Mama, sichezi. Niliumia.

BintiKibokoni

Nilisema nitasoma tu, lakini vidole vinaniwasha. Niwieni radhi kwa urefu.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Nairobi nimeletwa na kazi. Nina shoga yangu (kwetu ndivyo tunavyomwita mwanamke mwenzio mliyeshibana), tunakaa meza moja ofisini. Akasikia kuna kikundi kinakwenda Elephant Hill, kule Aberdare, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Basi lao lilikuwa limejaa. Tukaambiwa tulipe pesa za waongozaji tu, tujitafutie usafiri mpaka Njabini, tukutane kituo cha msitu. Lishikeni hilo, ndilo lililotuponza.

Njabini tulimpata kijana wa boda boda, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi. Akatufikisha. Akauliza atufuate saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na moja jioni. Akautazama mlima akasema, "Huko juu hakuna saa, dada. Nitakuja tu."

Sijui niwaeleze vipi ile mianzi. Imesimama pande zote mbili, imeinamiana ikafunga juu, ndani ni giza la magharibi na huko nje ni saa tatu asubuhi. Chini ni tope lililokanyagwa na ndovu, na kila unyayo ni beseni limejaa maji. Unashika mwanzi ujivute, nao unateleza mkononi kama samaki. Ukitoka humo unaingia vichaka vya baridi, halafu mawe, na kule karibu na juu miguu peke yake haitoshi, ni magoti na viganja. Ni zaidi ya mita 3,500. Mimi niliyekulia usawa wa bahari nilikuwa navuta pumzi haifiki.

Tulifika kileleni wa mwisho, kama saa nane mchana. Wenzetu walikuwa wameshakula. Picha mbili tatu, na ukungu ukaja. Mimi nilidhani ukungu hushuka. Ule ulipanda kutoka bondeni, ukaimeza mianzi kwanza, kisha ukatumeza sisi.

Tumeteremka kama saa moja nikasikia nyuma yangu pap, pap, pap. Nageuka, soli ya kiatu chake cha kulia imefunguka mbele, inapiga chini kama mdomo wa samaki aliyetolewa majini. Vilikuwa viatu vya mlima, vya mtumba, vizuri kweli, alivinunua wiki hiyo. Nikavua mtandio wangu wa zambarau, nikaupasua kwa meno mara tatu, tukakifunga. Hatua hamsini, cha kushoto nacho. Nilipokigusa, ule mpira wa katikati ulikuwa unamomonyoka vidoleni kama mkate wa juzi. Akawa anatembea juu ya vitambaa. Kwenye tope la mianzi akateleza, mguu ukabaki nyuma, goti likaenda upande wake. Nikalisikia. Dakika kumi lilikuwa limevimba kama embe dodo.

Mwongozaji wa nyuma alikuwa ameshatupita kwenye ukungu akiamini tuko mbele. Na huko chini walihesabu watu wa basi, wakatimia wote, wakaondoka. Sisi hatukuwa watu wa basi.

Saa kumi na moja na nusu. Simu yangu ina chaji asilimia 9, mtandao hakuna. Akaniambia, "Nenda. Wewe miguu unayo. Nenda uniletee watu." Na mimi nikaenda. Nawaambia ukweli kwa sababu naona hapa watu wanasema ukweli. Nilikwenda hatua labda mia mbili. Nikasikia mti unavunjika, si karibu, wala si mbali. Nikamwita shoga yangu, sauti ikaishia kwenye mianzi. Hakujibu, au alijibu sikusikia. Nikarudi mbio. Wengine wanapenda kusema nilirudi kwa ushujaa. Nilirudi kwa sababu niliogopa kuwa peke yangu.

Tukashuka kwa makalio. Yeye mbele, mguu mmoja ameunyosha, mimi nyuma nimelishika begi lake ili asiende kasi. Giza lilipoingia tukawa tunaitafuta njia kwa viganja. Pakiwa tope baridi, hapo ni njia. Ukigusa majani makavu, umepotea, rudi. Kuna wakati ilikuja harufu ya zizi, nzito, na pumzi ya kitu kikubwa. Tulisimama, yaani tulikaa kimya. Mimi nikasoma Ayatul Kursi, yeye akaomba kwa Kikuyu, kwa kunong'ona, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu umeganda kama chuma. Sijui tulikaa muda gani. Baridi ndiyo iliyotuondoa pale.

Saa mbili usiku, chini kabisa, taa. Inawaka, inazimwa, na honi. Ni yule kijana. Alikuwa ameiingiza pikipiki msituni mpaka mahali gurudumu lilipokataa, na amekuja na askari wa msitu aliyemtoa kwenye chakula chake cha jioni. Alisema, "Niliona basi linaondoka, nikautafuta ule mtandio wa zambarau madirishani. Sikuuona." Na mtandio ulikuwa miguuni kwa shoga yangu, hautambuliki kwa tope.

Alimbeba mgongoni hadi kwenye pikipiki.

Mkaa_Rongai

Nimesimama kusoma katikati ya jikoni. Ugali umeungua.

Kijana_wa_Thika

Dada, na yule kijana mlimlipa?

KondaMstaafu

Hao waliohesabu basi wanafaa kushtakiwa. Nimekuwa konda miaka 22. Unahesabu vichwa ulivyovichukua, huhesabu viti vyako. Mtu akiweka pesa mkononi mwako ni wako, hata kama alikuja kwa punda. Binti, hili limeniuma, na yale niliyosema juu ya kuchoka nayarudisha.

FundiViatu_Gikomba

Nizungumzie hivyo viatu, maana ndiyo kazi yangu, na kila mwezi naletewa hivyo hivyo. Wenye navyo hudhani wameuziwa feki. Si feki. Ule mpira mwepesi wa katikati, ulio laini kama sponji, huliwa na unyevu wa hewa taratibu hata kiatu kikiwa kwenye boksi. Kiatu kimekaa ghalani ng'ambo miaka minane, kikaja ndani ya bale kikiwa kinang'aa, juu ngozi safi, katikati kimeshaoza. Kupaka gundi hakusaidii, ni kama kubandika karatasi kwenye mchanga. Kabla ya kununua, kunja mbele ya kiatu kwa nguvu mara kumi, kisha bonyeza ule mpira kwa ukucha. Ukibaki na alama, au ukitoa unga, kirudishe mezani. Na kiatu cha mlima kivae mjini wiki mbili kwanza. Kikifa, kife mjini barabara ya Tom Mboya, si kwenye mianzi.

MamaPacha

Fundi umenisaidia. Mume wangu ana jozi kama hiyo ameificha chini ya kitanda akingojea likizo. Naenda kuibonyeza sasa hivi.

Mwalimu_Umoja

Binti, pole, na hongera kwa kurudi. Watu waikariri hii: mlimani watu wawili hawaachani. Hakuna sababu. Hata kidogo.

MiguuYaKangemi

Mwalimu, hilo ni la kwenye vitabu. Nimeongoza watu milimani. Mtu akivunjika na mko wawili, na giza ni saa moja mbele, mwenye miguu anashuka kuleta watu. Mkikaa wote mnaganda wote. Yule shoga alisema sawasawa. Binti alikosea kurudi, akaokolewa na bahati na kijana mwenye moyo.

Mwalimu_Umoja

Alikosea? Kwenye mianzi ya Aberdare, usiku, bila tochi, na wanyama? Angeshuka peke yake tungekuwa tunatafuta wawili mahali pawili.

MiguuYaKangemi

Ndiyo maana nasema tochi ni kabla ya kamera. Mimi sibishani na hofu, nabishana na kanuni yako ya "hakuna sababu". Sababu zipo.

Mkaa_Rongai

Ninyi wawili msiwahi kupanda pamoja.

Nesi_wa_Usiku

Naingilia kwa sababu nimepokea watu wa namna hii wodini. Kaa au uondoke, fanya haya kwanza. Mtoe mgonjwa nguo iliyolowa inayogusa ngozi, pamba ikilowa hunyonya joto la mwili. Kavu ndiyo iwe ndani. Asikae kwenye udongo, mketishe juu ya begi au majani mengi makavu, ardhi baridi huvuta joto la mwili. Mpe kitu cha sukari akiwa bado anaweza kumeza. Kutetemeka ni afadhali, mwili unapigana. Anapoacha kutetemeka huku bado ana baridi, na maneno yanaanza kumchanganyikia, hapo hali ni mbaya kweli. Na mkipata mtandao hata wa dakika moja, pigeni 112 au 999, namba za dharura, kabla ya kumpigia mama.

Kwa wa Longonot, shida huwa kinyume. Jua, vumbi, na mlimani hamna maji ukishapita geti. Mtu asisubiri kiu imzidi ndipo anywe. Lita mbili kila mmoja, na kila mmoja abebe ya kwake.

MiguuYaKangemi

Nesi amesema. Na Longonot mkifika ukingoni anzeni upande wa kilele, miguu ikiwa bado mipya. Kule kwingine kote ni mteremko na mpando wa kawaida.

Kijana_wa_Thika

Mimi nilishauriwa kinyume, kilele kiwe mwisho, mwili ukiwa umepata moto.

MiguuYaKangemi

Aliyekushauri alikuwa anauza soda getini.

Mkaa_Rongai

Na msisahau malipo ya geti ni kwa simu, eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali. Nilimwona mzee amekuja na noti zake zimekunjwa vizuri kwenye leso, na simu ya kitochi. Tulimlipia sisi, akatushinda kwenda juu.

BintiKibokoni

Asanteni nyote. MiguuYaKangemi, ulivyosema ndivyo shoga yangu anavyosema mpaka leo. Anasema ningeshuka moja kwa moja ningemkuta yule kijana saa kumi na mbili. Huenda. Goti lilipasuliwa, sasa anatembea vizuri ila ngazi anazichukia. Fundi, viatu bado anavyo, hataki vitupwe.

Nesi_wa_Usiku

Mwambie mazoezi ya paja asiyaache. Goti hubebwa na paja.

MamaPacha

Nimebonyeza viatu vya mume wangu. Vimetoa unga.

Halafu nimerudi juu kusoma tena kisa cha mwenye uzi, maana Binti alituchukua wote tukamsahau. GithuraiArobainiTano, kaka yangu, umeandika "chupa zikigongana mgongoni". Chupa moja haigongani. Ya pili ilikuwa ya nani?

Kijana_wa_Thika

Uwii.

Mkaa_Rongai

Mama Pacha una macho.

KondaMstaafu

Ajibu mwenyewe, tusimjibie.

Mwalimu_Umoja

Huku tukingoja, niulize, kuna mtu amepanda Suswa hivi karibuni? Barabara ikoje baada ya mvua?

MiguuYaKangemi

Usiende na gari dogo. Vumbi likilowa linakuwa sabuni.

GithuraiArobainiTano

Nilikuwa kazini, lakini niliuona ujumbe wa Mama Pacha saa nne asubuhi, na tangu hapo sijafanya kazi yoyote ya maana.

Begi lilikuwa moja. La kwangu lilikuwa limekatika zipu, tukaweka vitu vyote ndani ya lake, tukakubaliana tubebe kwa zamu. Alilibeba yeye kutoka getini hadi ukingoni, kwenye lile jivu, ndiyo maana alikuwa akihema. Zamu yangu ilianzia juu. Nikalitia mgongoni tukiwa bado tunabishana. Chupa yangu na chupa yake. Nilikunywa zote mbili nikimngoja kileleni. Nakumbuka hata kifuniko cha ile ya pili, kilikuwa cha bluu, na sikujiuliza. Nilikuwa na kiu, na maji yalikuwepo.

Sasa naelewa kwa nini hakuzunguka. Atazungukaje? Alirudi getini kwa jua la saa saba na koo kavu, na wazo la tukutane kileleni labda lilikuwa la mtu aliyedhani nitageuka baada ya hatua kumi.

Miaka yote hii nilikuwa nikiwaambia watu ana kinyongo.

Nesi_wa_Usiku

Pole ndugu. Midomo myeupe uliyoisema, nilidhani ni vumbi nami pia.

BintiKibokoni

Mwandikie. Usiongeze maelezo, mwandikie hilo la maji tu.

KondaMstaafu

Usiandike. Watu wazima huenda. Anaishi wapi?

GithuraiArobainiTano

Mzee, yuko Eldoret siku hizi. Nimemwandikia tayari, kabla sijaja kuwajibu. Nimeandika: "Longonot. Nilikwenda na maji yako." Alama mbili za bluu zimetokea, kisha kimya dakika arobaini.

Kijana_wa_Thika

Arobaini ni nyingi.

MamaPacha

Mwacheni. Miaka yote hiyo, dakika arobaini ni nini?

BintiKibokoni

Nikingoja naye, nimjibu Kijana niliyemwacha juu. Yule wa boda boda alichukua nauli ya kutoka msituni hadi Njabini, ile ile tuliyopatana asubuhi. Tulimwongezea, akairudisha mfukoni mwa begi bila kutuambia, tuliikuta Nairobi. Kila Idd namtumia kitu kwa simu, naye kila Krismasi anatuma viazi.

GithuraiArobainiTano

Amejibu.

Ameandika, "Na machungwa."

Mkaa_Rongai

Eti kulikuwa na machungwa?

GithuraiArobainiTano

Yalikuwa matatu. Yote alinunua yeye.

KondaMstaafu

Piga simu.

GithuraiArobainiTano

Natoka nje, humu ndani mtandao ni mbovu.